Kipimo cha Kwenye Boksi



Wazee wetu wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, na kila mtoto alijua kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Mwenye duka aliyepunja mkono alipokuwa akipima mchele hakuchukua siku nyingi kujulikana mtaani. Mama alirudi nyumbani, akautia mchele katika kibaba chake mwenyewe, akaona. Na akiona umepungua, jambo halikuishia kwenye mchele. Liliingia katika jina la yule mtu na la wanawe. Na hapana ajabu, kwani sote twajua kuwa katika Kurani Tukufu imo sura nzima iitwayo kwa jina la watu wapunjao vipimo, nayo ni Suratul Mutaffifin.

Leo twanunua vitu vingi kwa vipimo ambavyo nyumbani hatuna kibaba chake. Twaambiwa redio hii ina wati elfu, simu hii ina megapikseli mia, kadi hii ina gigabaiti mia na ishirini na nane, pawa benki hii ina miliampea elfu ishirini. Twasoma, twastaajabu, twalipa. Je, ni nani kati yetu aliyewahi kufika nyumbani akapima tena?

Mimi si mhandisi wala sina duka. Ni mtu nipendaye kufungua vyombo vya umeme na kuvitazama ndani. Mezani kwangu mna bisibisi, pasi ya kulehemu na mita ya kupimia umeme, na jioni baada ya kazi husoma habari za vyombo vipya vitokavyo ulimwenguni. Wengine wana bao, wengine wana mpira. Mimi pumbao langu ni hilo. Basi haya nitakayosema ni rai zangu, ila mahesabu nitakayoyatoa si yangu, na kila mwenye kalamu na karatasi aweza kuyafanya.

Tuanze na redio kaseti, maana ndiyo iliyotuzoesha. Wengi wetu twazikumbuka zile redio kubwa zenye spika mbili na taa za rangi, zimeandikwa mbele kwa herufi kubwa "PMPO 1000 W". Redio ile ilitiwa betri nane kubwa. Kila betri ina volti 1.5, kwa hiyo jumla ni volti 12. Ukiigeuza nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, ulikuta kibandiko kidogo kikisema kuwa chombo hiki chatumia wati 20 tu. Sasa tujiulize, mtu aingizaye shilingi 20 atatoaje shilingi 1000? Hizo herufi PMPO maana yake ni kilele cha nguvu cha kitambo kifupi mno, kifupi kuliko kupepesa jicho, na hapana kanuni iliyokubaliwa ya kukipima. Kila kiwanda kilijiandikia kilivyopenda. Marekani waliliona tatizo la namna hii mapema. Mwaka 1974 idara yao ya Federal Trade Commission ilitoa kanuni ya kuwalazimisha wauza vikuza sauti wapime nguvu zake kwa njia moja, na mwaka 2024 ikaitengeneza upya. Huku kwetu tuliachiwa tusome mbele ya redio, na ukweli ukakaa nyuma yake.

Mtu atasema: ala! Redio ililia, watu wakasikiliza taarabu, harusi zikafana, kuna ubaya gani? Ubaya ni kuwa tulizoea. Tulizoea kuwa namba ya mbele ni pambo, na mazoea hayo yametufuata mpaka kwenye vitu ambavyo uongo wake waumiza.

Tazama pawa benki. Juu yake imeandikwa miliampea-saa 20,000, na betri ya simu yako ni 5,000. Wafanya hesabu: nitachaji mara nne. La, hutachaji mara nne, hata kama mwenye kiwanda ni mkweli. Namba ile imepimwa kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani, na simu yachajiwa kwa volti 5 au zaidi. Zidisha 20 kwa 3.7, wapata wati-saa 74. Hicho ndicho kipimo cha haki, maana wati-saa hazibadiliki kwa kubadilisha volti. Gawa 74 kwa 5, wapata 14.8, yaani miliampea-saa 14,800. Kisha toa joto lipoteayo njiani, na utabakiwa na kama 12,000 au 13,000. Ni mara tatu hivi. Kiwanda chenye haya huandika na namba hii ya pili, kwa herufi ndogo. Wasafiri wa Hija na Umra wayajua haya kwa njia nyingine, kwa kuwa mashirika ya ndege hayatazami ile namba kubwa. Hutazama wati-saa, na pawa benki isiyozidi 100 ndiyo hupita bila ya kuombewa ruhusa, nayo iwe katika mkoba wa mkononi.

Huyo ni mkweli. Sasa tazama asiye mkweli. Iko betri ya duara iitwayo 18650, na jina lake latokana na umbo lake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Hutiwa katika tochi, feni ndogo na pawa benki. Zilizo bora kabisa huchukua kama miliampea-saa 3,500. Lakini madukani utakuta imeandikwa 9,900, na bei yake nusu ya ile ya kweli. Huhitaji mita kujua kuwa ni uongo. Hapana nafasi ndani ya umbo lile.

Lakini kisa kilichonikalisha niandike makala haya si cha betri. Ni cha kadi ya memori.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye mimi humwita shangazi, alimuuguza mama yake kwa miezi mingi. Katika siku hizo alikuwa akimrekodi kwa simu: hadithi zake, nyimbo za kubembelezea watoto, nasaba ya ukoo, na wasia. Bibi akafariki, Mungu amrehemu. Ndugu walioko Maskati na Mombasa wakaomba nao wapelekewe ile sauti. Shangazi akaniletea kadi. "Mwanangu, nitazamie hii, haifungui." Kadi imeandikwa gigabaiti 128. Nikaiona orodha ya rekodi zote, majina yapo, tarehe zipo. Za mwanzo zalia. Zilizofuata, ukizifungua, hamna kitu ndani.

Nieleze lilivyo. Ndani ya kadi mna sehemu mbili: ghala la kuwekea, na karani anayeiambia simu ghala lina ukubwa gani. Mdanganyifu hachezi na ghala. Humchukua karani akamfundisha kusema uongo. Ghala ni la gigabaiti 8, karani husema 128, na simu humwamini. Gigabaiti 8 za kwanza huandikwa salama. Zinazofuata ama huandikwa juu ya zile za mwanzo, ama hutupwa, na karani huendelea kuandika majina katika daftari lake kama kwamba mzigo umepokelewa. Ndiyo maana mwenye kadi hatambui siku ile. Hutambua siku aihitajipo, na siku hiyo hapana fundi awezaye kurudisha kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa. Wasia wa bibi ulikuwa katika zile za mwisho.

Hapa nataka tutofautishe, tusije tukawadhulumu watu. Ukinunua kadi ya 64 na simu ikakuonyesha 59 na ushei, hujaibiwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, na kompyuta nyingi huihesabu kuwa 1,073,741,824. Ni kama tofauti ya maili na kilomita. Lakini 8 kuandikwa 128 si tofauti ya mahesabu, ni wizi.

Nilikwenda kwa muuzaji aliyeiuza. Hakuwa mtu mbaya, alinikaribisha kiti na kahawa. Nikamweleza. Akaniambia, "Sheikh, mimi nauza boksi, sifungui." Nimelifikiri sana neno lile. Ni kweli kuwa naye alinunua kwa jumla, na hakumfundisha karani yeyote uongo. Lakini mwenye kuuza mchele hakuweza kusema kuwa yeye auza gunia hajui lililomo. Asiyejua ana udhuru siku ya kwanza. Akiisha kuelezwa, akaziacha kadi zile palepale mbele ya duka, udhuru umekwisha.

Na tusidhani kuwa uongo wa namba ni wa viwanda visivyo na jina tu. Mwaka 2013 wachunguzi wa AnandTech walionyesha kuwa Samsung Galaxy S4 iliitambua programu ya kupima kasi, na ikiiona hujikaza kuliko ijikazavyo katika kazi za kila siku. Ni mfano wa mwanafunzi ajuaye mkaguzi anakuja leo. Mwezi wa Desemba 2017 Apple walikiri kuwa walikuwa wakipunguza kasi ya baadhi ya simu zao ambazo betri zake zimechakaa. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya kweli: betri kuukuu yaweza kuizima simu ghafla. Lakini mwenye simu hakuambiwa. Aliona simu imechoka, akadhani dawa yake ni simu mpya, kumbe dawa yake ilikuwa betri. Baadaye walipunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwezi wa Februari 2020 serikali ya Ufaransa ikawatoza faini ya yuro milioni 25 kwa sababu ya kutowaarifu wateja. Maana yake ni kuwa hata kunyamaza ni kupunja.

Je, habari za vyombo vipya tuzisomazo hazituambii haya? Mara nyingi hazituambii. Simu ikitangazwa, siku ileile kurasa zote huandika namba zilezile zilizo kwenye boksi. Wataambiwa megapikseli 108, wataandika 108. Ni wachache watakaoeleza kuwa kwa kawaida kamera hiyo huunganisha nukta tisa kuwa moja na kukupa picha ya 12, na kuwa 12 yatosha kuchapa picha kubwa kuliko ukurasa huu. Mimi nimejiwekea ada. Habari ya chombo huisoma mara mbili: siku kilipotangazwa, na baada ya mwaka mmoja, nikitazama waliokinunua wasemaje. Ile ya kwanza ni nderemo ya harusi, ya pili ndiyo hali ya ndoa.

Hata hivyo ziko habari njema, na ni haki kuzisema. Tangu tarehe 20 Juni 2025 simu zinazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hazina budi kuwa na alama yenye vipimo ambavyo mama wa nyumbani yeyote avielewa: betri yadumu saa ngapi, yastahimili kuchajiwa mara ngapi, simu yahimili kuanguka kiasi gani, na yatengenezeka kwa wepisi gani. Sheria hiyo yataka pia betri, baada ya kuchajiwa mara 800, iwe bado na asilimia 80 ya uwezo wake. Na sheria nyingine ya hukohuko imeweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa siku ambayo betri za vyombo vingi vidogo lazima mwenyewe aweze kuzitoa na kuzibadilisha. Hivi ndivyo vibaba tuvitakavyo. Simu nyingi ni zilezile ziuzwazo huku, basi tuulize muuzaji maswali hayohayo.

Nasi tufanyeje? Kwanza, tusome nyuma kabla ya mbele. Kile kibandiko kidogo chenye volti na ampea kina ukweli kuliko herufi za rangi. Pili, pawa benki tuulizie wati-saa. Tatu, taa ya LED tuulizie lumeni, kwani taa ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800, na ya LED yatoa mwanga huo kwa wati 8 au 9. Nne, kadi ya memori ijazwe siku ileile iliponunuliwa, kisha kila kilichotiwa kifunguliwe. Ziko programu za bure, kama H2testw, zifanyazo kazi hiyo. Na tano, sauti ya mzazi isikae mahali pamoja, iwe katika vyombo viwili au vitatu, hata kadi ikiwa ni ya kweli.

Huenda msomaji akasema, sisi twanunua rahisi kwa kuwa hatuna, na huyu atwambia mambo ya Ulaya. Nakubali kuwa fedha haitoshi. Lakini ni huyu huyu asiye na fedha ambaye hawezi kununua mara mbili. Tajiri akipunjwa hutupa akanunua nyingine.

Neno langu la mwisho ni kwenu wenzetu wenye maduka. Iko mita ndogo, haizidi kidole gumba, huchomekwa kati ya pawa benki na simu ikaonyesha umeme unaopita. Bei yake ni ndogo. Iwekeni juu ya meza ya duka, na kando yake kompyuta ya kupimia kadi, mnunuzi apimiwe mbele ya macho yake kabla hajatoa fedha. Kizuri chajiuza, na duka la kwanza mtaani litakalofanya hivyo halitahitaji kuandika kitu mlangoni.