Kushuka Ndiyo Ngoma

Wahenga walinena kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaitia katika insha nyingi na kutuzwa alama kwa ajili yake. Hata hivyo, sikuielewa hadi asubuhi moja ya mwezi wa Aprili mwaka 2017, nilipokuwa nimesimama katika ua wa ghala moja jimboni Minnesota, Marekani, nikimtazama bibi mmoja mwenye umri wa miaka sabini na ushei akiwa amelala chini, ameushika mkono wake wa kushoto, na midomo inamtetemeka. Mkosaji nilikuwa mimi.

Msomaji mpendwa aniwie radhi nianze mbali kidogo. Nilikuwa nimehamia huko kwa dada yangu, na shahada yangu ya Kiswahili haikunipatia kazi upesi. Nikaajiriwa katika ghala la kuhifadhia magari-nyumba. Gari-nyumba ni gari kubwa mfano wa basi, lililoundwa liwe makao: ndani mna kitanda, jiko, meza na msala. Mengine hufikia urefu wa mita 12, na upana wake hukaribia mita 2.6. Wenyewe huyatumia wakati wa joto kuzuru mbuga na maziwa. Majira ya baridi yawadiapo, maji huganda hata ndani ya mifereji, nao huyaleta ghalani yalale tangu Oktoba hadi Aprili.

Nafasi ghalani ni fedha. Kwa sababu hiyo magari hayo hupangwa ubavu kwa ubavu kama samaki ndani ya mkebe, na mara nyingi baina ya gari na gari husalia upenyo wa futi mbili tu. Hapo ndipo kidato huwa kisirani.

Nasema kidato, ingawa nilisita sana kabla ya kulichagua neno hilo. Ngazi ni kitu kizima chenye hatua nyingi, na kipandio ni jina jema, lakini linasahau kwamba mtu hushuka pia. Kidato ni ile hatua moja ambayo mguu huitegemea. Sakafu ya gari-nyumba iko juu, nao mlango uko ubavuni upande wa kulia. Chini ya mlango huo hufichwa kidato cha chuma kinachoendeshwa na mota ndogo ya umeme wa betri, volti 12. Kwenye fremu ya mlango mna swichi ya sumaku. Ukifungua mlango, kidato hujitokeza chenyewe. Ukiufunga, hurudi uvunguni. Ni adabu njema kwelikweli, ila ni adabu isiyo na macho. Kidato hakijui kama mbele yake pana uwanja au ubavu wa gari la jirani. Hutoka tu, kikagonga, kikakwaruza rangi ya watu, na mikono yake ya chuma ikapinda.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mkenya mwenzetu mwenye umri mkubwa, nasi sote tulimwita Mzee. Aliniambia, "Mwanangu, kabla hujaliingiza gari, lipimie nafasi. Ukiweza, ubavu wa kushoto uupeleke ukutani, mlango uelekee kwenye njia. Usipoweza, zima injini kwanza, kisha zima swichi ya kidato iliyo kando ya mlango, ndipo ufungue. Ukigeuza mpangilio huo, utalipa rangi ya mtu."

Nilimuuliza kwa nini injini itangulie. Akanieleza kuwa katika magari mengi ya aina ile, ufunguo wa injini ukiwa umewashwa, kidato huutii mlango peke yake. Mlango ukifunguka, kitatoka hata kama swichi yake imezimwa, na ukifungwa kitarudi, dereva asije akaondoka kikiwa kimening'inia nje. Injini ikizimwa, ndipo kidato huisikiliza swichi. Nilitikisa kichwa kuonyesha kuwa nimeelewa. Naam, nilikuwa nimeelewa nusu.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 nililiingiza gari la yule bibi katika upenyo mwembamba. Nikazima injini, nikazima swichi, nikafungua mlango nusu na kujipenyeza nje kwa kuruka. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilijisifu moyoni. Sikuandika popote kwamba swichi nimeizima.

Aprili ilipofika, nililitoa gari uani na kuliacha likinguruma. Bibi akaja na tabasamu, akafungua mlango, na kidato kikamtokea kama kilivyozoea. Akapanda kwa utulivu, akaufunga mlango, na kidato kikarudi uvunguni. Akakagua makabati yake. Ili tusikilizane, nikauzima ufunguo wa injini. Tukazungumza, akanishukuru, kisha akafungua mlango ashuke. Alikuwa amepanda kwa kidato kile dakika kumi tu zilizopita; kwa nini achungulie chini? Akaunyoosha mguu kwenye hatua ambayo haikuwepo.

Kifundo cha mkono wake kilivunjika. Daktari alisema ana bahati kwamba nyonga ilisalimika. Nilipokwenda kumwomba radhi, hakunilaumu. Alijilaumu yeye mwenyewe kwa kutotazama, na maneno hayo yaliniumiza kuliko matusi. Nilimweleza kwamba swichi niliizima mimi, miezi sita nyuma, na kwamba sikumwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa afadhali amejua, kwani alikuwa ameanza kuiogopa miguu yake.

Jioni ile Mzee hakunikemea. Alichukua kadi, akaandika kwa herufi kubwa kwamba kidato kimezimwa, akaitoboa na kuitia uzi. "Mwanangu," akasema, "kukizima si kosa, ghalani lazima kizimwe. Ila aliyezima na aseme." Tangu siku hiyo kila gari nililoliingiza lilitundikwa kadi mbili: moja kwenye usukani, nyingine kwenye kitasa cha ndani cha mlango, mahali ambapo mkono haukosi kupita. Na lilipotolewa uani, swichi iliwashwa na kidato kikajaribiwa, injini ikiwa imezimwa, kabla mwenyewe hajakaribishwa.

Nimerudi nyumbani, na sasa nafundisha. Mara nyingine darasani naruka hatua moja ya maelezo kwa kuwa muda ni finyu na mtaala ni mrefu. Hilo nalo si kosa. Lakini nikiona uso wa mwanafunzi umekunjamana, namkumbuka bibi yule akiunyoosha mguu kwa imani. Hapo husimama na kusema, "Hapa nimeruka hatua, tutairudia." Anayetuamini hatazami chini. Basi sisi tulioizima swichi ndio tunaopaswa kumwambia.