Zambarau ni Saba

Kabla hujaiona nyumba ya Bibi, pua yako imekwisha kufika. Karafuu zilizoanikwa, mdalasini uliobanduliwa asubuhi, fenesi lililopasukia mtini bila mtu kuliwahi, na chini ya hayo yote harufu ya udongo wa Kinole, ambao haukauki sawasawa hata kiangazi. Pita huku, kwenye kivuli cha migomba. Angalia usikanyage jamvi. Jamvi la kwanza ni la pilipili manga, la pili karafuu, la tatu iliki kidogo za kupikia chai. Na pale pembeni, kwenye kona inayopata jua la saa nne, betri nne za National zimelala kifudifudi kama dagaa. Bibi alikuwa akizianika pamoja na viungo vyake kila zilipochoka. Zikishapata moto anazirudisha kwenye redio, na redio inazungumza robo saa nyingine.

Ni mwaka 1991. Nilikuwa mwaka wa pili wa cheti cha ufundi, FTC, cha elektroniki na mawasiliano, katika Chuo cha Ufundi Dar es Salaam. Jina hilo refu tulilitumia kwenye barua tu. Midomoni kilikuwa Dar Tech. Kilianzishwa 1957, na tangu 1997 kimekuwa Taasisi ya Teknolojia, DIT ya leo. Kipo kwenye kona, Barabara ya Morogoro inapokutana na ile ambayo siku hizi inaitwa Bibi Titi Mohamed. Kwangu mimi kona hiyo ilikuwa na maana yake. Jioni nilisimama getini nikaitazama barabara inavyokwenda, nikajua kwamba nikiifuata kilomita 190 hivi nitatokea Morogoro mjini, na kutoka hapo ni Bigwa, Kiroka, Mkuyuni, kisha nyumbani. Hata maji ya bombani yalikuwa ya kwetu. Dar es Salaam inakunywa Mto Ruvu, na Ruvu unakusanya vijito vya milima ya Uluguru, kikiwamo kile kinachopita chini ya shamba la mjomba wangu. Nilipokuwa nanawa uso bwenini alfajiri, nilikiwaza.

Karakana yetu ilinuka ubani. Ndivyo nilivyoisikia siku ya kwanza, nikageuka kutafuta chetezo kiko wapi. Kumbe ni utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya wa risasi. Chuma cha kuchomelea kikiugusa, unatoa uzi mwembamba wa moshi unaopanda moja kwa moja mpaka puani. Meza zilikuwa ndefu, za mbao, zenye makovu ya moto ya wanafunzi wa miaka mingi. Mwisho wa chumba ilikaa osiloskopu, na mstari wake wa kijani uliokuwa ukitetemeka kama mshipa wa shingo. Mara ya kwanza nilipoambiwa nipige mluzi kwenye maikrofoni, nikaona mluzi wangu ukiwa mawimbi kwenye kioo, sikulala vizuri usiku ule.

Lakini kabla ya osiloskopu kulikuwa na rezista. Kijipande kidogo kama punje ya mchele, kimefungwa mikanda ya rangi, na kila rangi ni tarakimu. Wenzangu walikuwa na sentensi ya Kiingereza ya kukumbukia mfuatano huo. Mimi haikunikaa. Usiku mmoja nikalala chali, nikafumba macho, nikaenda Kinole. Nyeusi, sifuri: pilipili manga iliyokauka. Kahawia, moja: mdalasini. Nyekundu, mbili: udongo wa njia ya Mkuyuni. Tatu ni chungwa, nne ni njano ya ndizi iliyoivia mkunguni. Kijani, tano, jani la mgomba. Sita ni buluu, na buluu ni milima yenyewe unapoiona ukiwa kwenye basi, mbali bado, karibu na Mikese. Saba ni zambarau. Nane, kijivu, ukungu wa asubuhi. Tisa ni nyeupe ya nazi iliyokunwa. Sikusahau tena. Nikipewa rezista ya njano, zambarau na nyekundu, nilianza kwa kuonja ndizi, kisha zambarau, nikakanyaga udongo, ndipo nikasema: omu 4,700. Lugha yetu ilikuwa imeniwekea akiba matunda mawili katika majina ya rangi, na mpaka leo nashukuru.

Idara ilikuwa na desturi yake ya jioni. Darasa likiisha, wa mwaka wa tatu walibaki na wa mwaka wa kwanza, na redio mbovu zikatoka chini ya meza: za wapishi, za walinzi, za ndugu zetu wa Magomeni na Temeke. Vipuri tulivipata Kariakoo, kwa kununua mizoga ya redio na kuichinja. Hatukutoza fedha. Redio ikiamka, chumba kizima kilipiga makofi, na mwenye kuiamsha aliandika jina lake kwa penseli ndani ya kifuniko. Naamini ziko nyumba ambazo majina hayo bado yamejificha. Siku ya kuonyesha miradi ilikuja mara moja kwa mwaka, walimu wakapita meza kwa meza na mikono nyuma. Mmoja alitengeneza kengele ya mlango inayojibu, mwingine ampulifaya iliyotumika kwenye muziki wa mahafali. Yalikuwa mambo makubwa kwetu. Sisi watatu tukaamua mradi wetu tuujaribu mahali pasipo na umeme.

Hivyo tulifika Kinole mwishoni mwa mwezi wa tisa, juu ya Landrova iliyokwenda kuchukua ndizi, na sanduku la vifaa limefungwa kwa kamba ya katani. Mwenzetu mmoja alitoka Marangu, akatazama migomba na mifereji kama mtu aliyefika kwao kwa njia ya nyuma. Wa pili alikuwa wa Wete, Pemba. Yeye alipokanyaga uani akasimama. Hakusema kitu. Aliinama, akachukua karafuu moja jamvini, akaiweka chini ya ulimi, na macho yake yakaenda mbali.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmekula?"

Hakuuliza tumeleta nini mpaka sahani zilipotoka: ndizi za nazi, na mboga ya kisamvu.

Tulichokuwa nacho ni dainamo ya baiskeli, ile inayowasha taa ya mbele, ya volti 6. Tulihitaji gurudumu. Kwa Waluguru mambo ya ukoo yanapitia upande wa mama, kwa hiyo hakuna lililofanyika bila mjomba, na mjomba ndiye aliyekuwa na baiskeli, Phoenix. Alilizunguka mara mbili gurudumu lile la nyuma, akalipapasa.

"Mpwa wangu, nina safari nalo hili."

"Siku tatu tu, Mjomba."

Akalifungua mwenyewe kwa spana.

Njoo tushuke kijitoni. Njia inateleza, shika mizizi ya mkuyu. Hapa maji yanapobanwa na mawe mawili ndipo tulipolisimamisha gurudumu, tukalifunga mabapa ya bati kwenye spoku, na dainamo tukaiegemeza kwenye tairi. Maji yakasukuma bati, tairi likazunguka, kichwa cha dainamo kikaanza kuimba. Umeme wake huenda mbele na kurudi nyuma. Redio haiutaki hivyo. Tukaupitisha kwenye dayodi nne, mlango wa kwenda bila kurudi, kisha kwenye kapasita ili utulie kama maji mtungini. Waya mrefu ukapanda kilima mpaka uani.

Siku ya kwanza tuliichoma kapasita. Usiku mvua ilinyesha juu milimani, asubuhi kijito kikaja na nguvu, gurudumu likakimbia, na kapasita ikapasuka kwa mlio uliowarusha kuku wote. Nilikaa juu ya jiwe nikiwa na aibu kubwa. Ndipo kijana wa Wete alipokumbuka bahasha. Msichana mmoja wa darasa letu, aliyechomelea kwa mkono uliotulia kuliko sisi sote, alikuwa amempa siku ya safari, akisema tutaihitaji. Ndani mlikuwa na kapasita mbili na dayodi ya zena, kidude cha kuzuia volti isipande kupita kiasi. Nje ameandika kwa kalamu nyekundu: "Maji hayasomi vitabu vyetu." Tukaitia zena mahali pake. Haikuungua tena.

Saa kumi jioni redio ya Bibi ilizungumza bila betri. Zilipigwa kwanza zile ngoma za Redio Tanzania, kisha sauti ya mtangazaji ikatoka, nzito, safi, kama mtu aliyeketi mlangoni. Watu walikuja. Walikaa kwenye vigoda, kwenye vinu vilivyolazwa, kwenye magogo. Matangazo ya vifo yaliposomwa kila mtu alinyamaza, hata watoto, kwa maana nyumba nyingi za Kinole zilikuwa na mtu wao mjini. Mjomba alishuka kijitoni mara tatu kuhakikisha gurudumu lake linazunguka, akarudi kila mara akiwa amelowa mpaka magotini na anatabasamu.

Siku ya tatu, kukiwa bado na jua, redio ilianza kukwaruza. Kwaruu, kimya, kwaruu. Nikainuka haraka kutazama waya. Kijana wa Marangu akanishika mkono: waya ni mzima. Ni radi, iko mbali, upande wa Tegetero au nyuma yake. Kila inapopiga inatupa mawimbi, na masafa ya kati huyadaka hata wingu lenyewe halijaonekana. Mzee jirani alituomba tumweleze tena, polepole. Tukamweleza. Kinole ni makao ya kina Kingalu, machifu ambao Waluguru waliwaendea kuomba mvua, na mzee yule aliyajua hayo tangu utoto wake. Akaisogelea redio, akaweka kiganja juu yake kama anavyopimwa mtoto homa.

"Basi nayo inasikia," alisema.

Bibi hakuwa amesubiri maelezo. Alikuwa amekwisha kusimama, kanga imekazwa kiunoni, anakunja jamvi la pilipili manga kutoka pembeni kwenda katikati. Tukamfuata, sisi watatu na watoto wote, karafuu zikimwagikia vifuani mwetu. Tone la kwanza lilipoanguka, uani palikuwa pamebaki betri nne tu.