Mguu una nini cha kusomea hivyo? (Sehemu ya 6)

Mama zangu, mmoja wenu kaniuliza inbox: "Nesi, binti yangu yuko Marekani anasomea udaktari wa miguu. Kamaliza miaka 4 ya chuo, bado mitihani tu. Mguu una nini?"

Mama, kuanzia kisigino hadi vidole kuna mifupa 26. Mtihani wake wa leseni una sehemu 3: sayansi ya mwili, kisha magonjwa na matibabu, na ya mwisho huja akiwa tayari hospitalini chini ya madaktari wakubwa. Ndiyo, anachoka. Na kulia analia.

Sasa mfikirie bibi mwenye sukari. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua hisia za miguu. Nimewahi kuvua soksi nikakuta kidonda kinanuka, mwenyewe anacheka: "Mbona hakiumi?" Mgonjwa huyo hawezi kukwambia panapouma. Daktari lazima ajue mwenyewe: damu inafika? Kidonda kimegusa mfupa? Tusafishe au tukate? Akikosea, kidole kinaondoka, pengine mguu mzima.

Mtihani ule upo kwa ajili ya bibi huyo. Kwa hiyo usimwambie binti "achana nayo". Mpigie, mpe moyo.

Na leo jioni, watoto wakishaoga, mwombe bibi wa hapo nyumbani akuonyeshe miguu. Tazama nyayo, tazama katikati ya vidole. Ukiona kidonda, lengelenge au rangi iliyobadilika, kesho asubuhi hospitali. Msingoje maumivu, huenda yasije.