Herufi Nne



Juma lililopita walitujia mume na mke wakiomba ubatizo wa binti yao. Mume ni Mkatoliki wa hapa Masasi. Mke ni Mwislamu wa Newala, na ndoa yao ilifungwa kwa ruhusa ya Kanisa. Tukauliza jina. Mama akajibu, “Afra.”

Tukiri kwamba tulisita. Jina hilo hatukuwahi kuliandika katika kitabu chetu cha Ubatizo, na katekista alinong’ona kwamba ni la Kiislamu. Tukashauri kwa haraka (haraka ya mapadri Jumamosi jioni mnaifahamu) waweke Maria.

Mama akasema taratibu, “Padri, Maria kwetu ni Mariamu. Baba yangu ataita Mariamu, mama mkwe wangu ataita Maria, na mtoto atajua mapema kwamba ana pande mbili. Afra wote wanalitamka sawasawa.”

Tulikosa la kujibu. Babu wa Newala, tuliambiwa, hajakanyaga nyumbani kwao tangu arusi.

Usiku tukafungua vitabu. Kanuni ya 855 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haidai jina la mtakatifu. Yadai tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa hisia ya Kikristo. Na Afra si mgeni hata kidogo. Ni shahidi wa Augsburg, aliyeuawa yapata mwaka 304, naye hukumbukwa tarehe 7 Agosti. Wabenediktini walioanzisha Ndanda mwaka 1906 walitoka abasia ya Mtakatifu Ottilia, iliyomo katika Jimbo la Augsburg, ambalo Afra ni msimamizi wake mmojawapo. Bibi zetu wakabatizwa Ottilia na Walburga, majina marefu ya Kijerumani, wala hakuna aliyeuliza kama ni mageni! Kwa Waislamu nao, Afra ni yule mama wa Madina ambaye wanawe walipigana Badri mwaka 624, na hadi leo hutajwa kwa jina la mama yao.

Jambo moja lilitupa shida. Mapokeo husema kwamba Afra wa Augsburg alikuwa kahaba kabla ya kuongoka. Je, tumwambie bibi mzaa baba? Tulimwambia. Akafikiri kidogo, akasema, “Basi huyo somo ataelewa mengi.”

Jumapili tulimbatiza. Kwa kuwa adhimisho huanza mlangoni kwa kuwauliza wazazi jina la mtoto, tuliuliza, nao wakajibu pamoja, kwa sauti iliyofika nje.

Babu alikuwa amekuja. Hakuingia kanisani, alikaa chini ya mkorosho, kofia yake kichwani, mpaka tulipomaliza. Tulipotoka alinyoosha mikono akapokea mtoto, akamwita mara mbili. Mtoto alikuwa amelala.