Shoku Nne

Mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki zenye injini ndogo, mimi nilikuwa bado nasukuma mkokoteni Gikomba, Nairobi. Miaka miwili baadaye nilikuwa na pikipiki yangu mwenyewe, Boxer, nimeegesha stejini karibu na Barabara ya Digo, nikingoja mzigo. Abiria sikuwataka sana. Mzigo ndio uliolipa. Robota moja la mitumba lina kilo 45 hivi, na ukifunga mawili juu ya keria, pikipiki inakaa kitako, tairi la nyuma linakwaruza madigadi.

Dawa tuliyoijua sote ilikuwa kuongeza shoku. Fundi mmoja wa Kamukunji alichomelea vyuma kwenye fremu na kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, akafunga jozi ya pili ya shoku kuukuu kando ya zile za kiwandani. Alipomaliza aliukalia mkia kwa uzito wake wote, na mkia haukushuka. Nilifurahi sana. Wiki ile nilipakia marobota matatu, nikapanda nayo hadi Eastleigh bila mkwaruzo wowote.

Ubaya ulikuja mzigo ukishashuka. Kwa kuwa springi zile nne hazikulemewa na kitu, mkia ulibaki juu na pua ikainama, foku ikasimama wima zaidi kuliko alivyokusudia aliyeibuni. Hendeli ikawa nyepesi kupita kiasi. Kwenye vichochoro vya Majengo, baina ya kuta za udongo na mitaro ya maji, niliupenda wepesi ule, maana kona naikata kwa kiwiko tu. Lakini nikitokeza kwenye Barabara ya Jogoo na kuongeza mwendo, hendeli ilianza kutetemeka mikononi. Nikishika breki, foku inazama yote, gurudumu la nyuma linarukaruka juu ya lami, halishiki. Mvua ya Aprili iliniangusha mara mbili mahali ambapo hapo awali nilikuwa napita nikiongea na mteja.

Kwa muda mrefu nililaumu tairi. Kisha nikalaumu barabara.

Usiku mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu. Hospitali ya uzazi ya Pumwani iko pale pale mtaani kwetu, imewapokea akina mama tangu 1926, na safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Nilimpakia, mama yake akatufuata kwa miguu. Nilikwenda polepole kadiri nilivyoweza, ila kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi kwenye mgongo wake. Hatukufika hata nusu ya njia. Alinishika bega, akaniambia, "Kaka yangu, nishushe. Nitatembea."

Nikamshusha. Alitembea amemwegemea mama yake, nami nikawafuata nyuma nikisukuma pikipiki, taa imewashwa ili waone njia. Alijifungua salama, alhamdulillahi. Mimi sikulala.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi mwingine, mzee aliyekuwa na kibanda upande wa Shauri Moyo, nikamwomba aning'olee zile shoku mbili. Hakung'oa mara moja. Alibonyeza mkia, akabonyeza foku, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii springi inarudi kwa kasi gani?" Sikuwa nimewahi kuliwazia jambo hilo. Akanieleza kwamba springi hubeba tu. Kinachoizuia isirushe pikipiki ni oili iliyo ndani, inayopenya kwenye vitundu vidogo kwa shida. Zile shoku kuukuu hazikuwa na oili hata tone. Nilikuwa nimejiongezea ugumu, nikadhani ni nguvu.

Alifungua foku. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi tena kidogo, na mguu mmoja ulikuwa na kidogo zaidi kuliko mwenzake, kwa sababu sili ilikuwa imekatika. Akaweka sili mpya, akapima oili kwa bomba la sindano, miguu yote miwili sawasawa. Shoku za kiwandani alizibadilisha, akanionyesha ile pete yenye ngazi chini ya springi: ngazi ya pili nikibeba mtu, ya juu nikibeba mzigo. Pete ile ilikuwepo tangu siku niliyoinunua pikipiki.

Jioni nilikwenda hadi Jogoo na kurudi. Hendeli ilitulia. Kwenye matuta gurudumu lilipanda na kushuka, mimi nikabaki mahali pangu. Marobota nikaanza kubeba mawili, na nikaanza kuwaita abiria.

Shoku mbili alizoning'olea yule mzee zilikaa chini ya kitanda hadi kijana mmoja wa stejini alipokuja kuzinunua. Nilimuuliza anabeba nini. Akasema makaa. Nilimpa bure, nikamwambia azitie oili kwanza, na asimpandishe mtu.