Usitazame Mng'aro, Papasa Ndani

Je, wajua kwamba ganda la risasi iliyokwisha kufyatuliwa laweza kutumika tena? Huko Marekani, walenga shabaha wengi hununua maganda ya jeshi, wakayasafisha, kisha wakayatia fataki, baruti na risasi mpya.

Kinachonivutia mimi ni waya mwembamba uliopindwa ncha. Mtu huuingiza gandani, akapapasa karibu na kitako. Kila mlio huivuta shaba; ncha ikinasa kwenye mfuo, basi hapo imekonda. Ganda hilo hutupwa, hata likimetameta, kwani likifyatuliwa tena laweza kukatika, moto ukamrukia mpigaji usoni.

Nasi tununuao tairi kuukuu kwa kuwa limepakwa rangi likang'aa, je, huwa twapapasa ndani? Roho haina spea, ndugu yangu.