Kiporo cha Mbotela

Chakula cha maskini hudharauliwa mara mbili: kwanza na tajiri asiyekijua, kisha na maskini mwenyewe akijaliwa mshahara. Nasema hivyo kwa kuwa niliyashuhudia nyumbani kwetu Mbotela, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Asubuhi tulikula kiporo cha ugali kwa chai ya rangi. Jioni tulikula githeri. Kaka yangu mkubwa alivionea haya vyakula hivyo. Alipopata kazi aliapa kwamba githeri haitapita tena kinywani mwake, na tangu siku hiyo sahani yake ikawa ya nyama na mkate mweupe. Mama hakumgombeza. Alisema tu, "Mwacha asili ni mtumwa."

Kabla hajatimiza miaka 50, kaka alipatwa na saratani ya utumbo mpana, nasi tukamzika. Nilimwuliza daktari kama chakula ndicho kilichomwua. Alinijibu kwamba hakuna awezaye kutaja kwa yakini sababu ya ugonjwa wa mtu mmoja. Jibu hilo lilikuwa la haki, nami nalishika mpaka leo. Lakini lilinitia hamu ya kujua chakula hufanya nini mwilini.

Nilianza karibu na kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala hadi miaka ya 1960, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani hiyo ilikuwa nadra kwa Waafrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Sababu zake ziliendelea kuchunguzwa na waliomfuata.

Sehemu moja ya jawabu ilitoka kwa mnyoo mwenye urefu wa milimita 1. Kwa kumchunguza mnyoo huyo, Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walieleza mwaka 1993 habari za maikro-RNA, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Fikiri kwamba kila seli ina kitabu cha maagizo, nacho ni jeni zake. Agizo hunakiliwa, na nakala hupelekwa mahali protini zinapotengenezwa. Maikro-RNA ni uzi mfupi mno, wenye herufi zipatazo 22, unaoinasa nakala na kuinyamazisha. Zikinyamazishwa nakala za maagizo yanayozuia seli kuongezeka ovyo, uvimbe hupata nafasi.

Hapo ndipo chakula huingia. Nyuzinyuzi, na wanga usiosagika upesi, hufika katika utumbo mpana, ambako bakteria huvichachusha na kutoa butireti. Butireti hulisha seli za utumbo huo, tena hubadili kiasi cha baadhi ya maikro-RNA ndani yake. Huko Australia, watu 23 wenye afya walikula gramu 300 za nyama nyekundu kila siku kwa majuma 4, na kikundi kimoja cha maikro-RNA zinazochochea ukuaji wa seli kikaongezeka katika utumbo wao. Walipokula nyama kiasi kile kile pamoja na wanga wa mahindi uliotiwa butireti, kikundi hicho kilirudi katika kiasi chake cha awali. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Usiseme, msomaji, kwamba kiporo ni dawa. Wanga ule ulitengenezwa kwa namna ya pekee, na watu 23 ni wachache. Hata hivyo, ugali ukipoa, sehemu ya wanga wake huwa ngumu kusagika tumboni, na maharagwe ya githeri yana nyuzinyuzi tele. Mama hakujua habari za seli. Alijua tu kutotupa chakula.

Siandiki haya kumlaumu marehemu. Nayaandika kwa ajili yako, ambaye kesho utapokea mshahara wa kwanza. Kula nyama ukijaliwa, kwa kiasi. Lakini usiionee haya sufuria iliyokulea. Mimi nimeirudia, na kila niketipo mbele ya githeri humkumbuka kaka, nikatamani angalikuwapo tule pamoja.